Nililiita Kiduha, Kumbe Ni Ndugu wa Numbu

Mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo, na kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 20. Watu wakiniletea jani lenye ugonjwa, hutaka niwaambie ugonjwa huo. Wakiniletea gugu, hutaka niwaambie jina lake. Mara nyingi huwaambia sawasawa. Lakini siku moja niliupa mmea jina lisilo lake. Kwa sababu ya neno langu, kijiji kizima kilipata maji ya matope.

Leo nataka kuwaeleza habari hiyo. Nataka pia kuwaonyesha jinsi ya kuutambua mmea ule, ili kosa langu lisije likawa kosa lenu.

KIDUHA NILICHOKIJUA

Nilimaliza chuo mwaka 2003. Nikapangiwa kazi Kanda ya Ziwa, katika vijiji vya Usukuma. Huko adui mkubwa wa mahindi na mtama ni kiduha. Wengine hukiita gugu chawi.

Kiduha ni mnyonyaji. Mizizi yake hushika mizizi ya mahindi, mtama, uwele au mpunga chini ya ardhi. Kisha hunyonya maji na chakula. Mahindi hudumaa na kugeuka rangi ya njano, hata kama mvua inanyesha. Mche mmoja wa kiduha hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi. Mbegu hizo huweza kukaa ardhini miaka 10 na zaidi, zikingoja mizizi ya kunyonya.

Kiduha cha Kanda ya Ziwa kina maua ya rangi ya waridi inayokaribia zambarau. Shina lake lina pembe nne. Majani yake mengi hukaa mawili mawili, yakitazamana. Ua lake lina midomo miwili, mmoja juu na mmoja chini. Niliwafundisha wakulima kuking'oa kabla hakijatoa mbegu, na kukichoma moto. Kwa miaka minane nilikiona kiduha karibu kila siku.

Mwaka 2011 nilihamishiwa nyanda za juu kusini, upande wa Njombe. Huko ni kwenye baridi. Watu hulima mahindi, maharage na viazi. Wakati wa kiangazi huteremka mabondeni kulima vinyungu, yaani bustani za penye unyevunyevu. Wazee wengi hupanda numbu pia. Numbu ni chakula cha zamani. Mizizi yake huliwa kama viazi, nayo ni mirefu na myembamba kama vidole.

Nilihama na nguo zangu na vitabu vyangu. Nilihama pia na kiduha changu kichwani.

NENO NILILOLISEMA JUU YA PIKIPIKI

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka 2021. Mvua zilikuwa zinakwisha. Nilikuwa napita katika kijiji kimoja, nikienda mkutanoni. Vijana wawili wakanisimamisha njiani. Mmoja alikuwa na kijiti mkononi.

"Kamwene, Bwana Shamba," wakaniamkia. "Mmea huu umejaa pale kwenye chemchemi. Ni mmea gani?"

Sikushuka kwenye pikipiki. Wala sikuzima moto. Nilikipokea kijiti. Kilikuwa ncha tu ya mmea, urefu wake kama shubiri moja. Kilikuwa kimechumwa tangu asubuhi, nacho kimenyauka. Nikashika shina, nikasikia pembe nne. Nikaona majani mawili yanatazamana, yamejikunja kwa kunyauka. Maua yalikuwa yamesinyaa, na rangi yake nikaiona ni zambarau. Ua moja lilikuwa limebaki wazi kidogo. Lilikuwa na midomo miwili.

"Hiki ni kiduha," nikasema. "King'oeni chote, mkichome moto. Kikifika kwenye mahindi yenu, mmekwisha."

Nikaondoka. Mazungumzo yetu hayakufika dakika 2.

Ndugu wasomaji, neno la bwana shamba lina nguvu kijijini. Jioni ile mbiu ilipigwa. Kesho yake watu waliteremka bondeni na majembe na mapanga. Kwa siku 2 waling'oa kila mmea wenye ua lile kuizunguka chemchemi. Mimea ile ilikuwa imechanganyika na matete na majani mengine. Hayo nayo yakang'olewa. Vyote vikachomwa. Wananchi wale walifanya kazi yao kwa bidii sana. Aliyekosea ni yule aliyewatuma.

MAJI YALIPOCHAFUKA

Siku chache baadaye ilinyesha mvua ya mwisho, nayo ilikuwa kubwa. Ukingo wa chemchemi ulikuwa uchi. Hapakuwa na mizizi ya kushika udongo. Udongo mweusi uliporomoka ukaingia majini. Ng'ombe nao, ambao zamani walizuiwa na kichaka kile, sasa waliingia mpaka kwenye jicho la maji. Wakakanyagakanyaga. Maji yakawa kama chai ya maziwa.

Akina mama wakaacha kuchota pale. Wakawa wanakwenda kwenye chemchemi nyingine, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Watoto wa shule waliotumwa maji asubuhi walichelewa darasani.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita. Nilipofika chemchemini nilikuta akina mama wamesimama na ndoo tupu. Hawakunigombeza. Walinyamaza tu, na kimya kile kilinichoma kuliko maneno. Pembeni alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye umri mkubwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesema ni kiduha?"

"Ndimi, Bibi."

"Hicho kiduha hufanya nini?"

"Hunyonya mizizi ya mahindi, Bibi."

"Mahindi yako wapi hapa?"

Nilitazama huku na huku. Palikuwa na maji, matope na majivu. Ningeweza kumjibu kwamba kiduha hushika hata nyasi za porini. Lakini hata jambo hilo sikuwa nimelichunguza. Nikanyamaza.

"Mwanangu," akasema Bibi, "mmea ule niliukuta hapa siku nilipoletwa kuolewa. Mama mkwe wangu naye aliukuta. Mahindi yetu hayakupata kudhurika hata mwaka mmoja. Nyuki wa mizinga yetu hushinda hapa. Na ukilishika shina lake, ni kama shina la numbu. Kabla hujasema, ulimwuliza nani?"

Sikuwa nimemwuliza mtu.

NILIVYOUCHUNGUZA

Bibi akasimama akaniongoza. Tulifuata kijito kuelekea chini, mahali ambapo watu hawakufika na majembe yao. Huko kilibaki kichaka kimoja. Mimea ilisimama penye tope, karibu kabisa na maji, nayo ilikuwa na maua. Hapo nikafanya kazi ambayo ilinipasa kuifanya siku ya kwanza. Niliuchunguza mmea mzima, toka mizizi hadi mbegu.

Kwanza, kimo. Mmea ule ulinipita urefu. Kiduha nilichokijua mara nyingi hakinifiki kiunoni.

Pili, majani. Majani ya kiduha ni membamba, yanakwaruza, wala hayana kikonyo. Majani ya mmea huu yalikuwa mapana, tena laini. Yalikuwa na kikonyo, na kando yake yana meno kama msumeno. Yalikaa mawili mawili. Jozi moja ilielekea mashariki na magharibi. Jozi iliyofuata ilielekea kaskazini na kusini. Ukitazama kutoka juu unaona mfano wa msalaba. Nikasugua jani moja nikalinusa. Lilikuwa na harufu yake. Kiduha hakinukii hivyo.

Tatu, maua. Maua mabichi hayakuwa ya zambarau. Yalikuwa ya bluu iliyokolea. Yalisongamana kwenye ncha ya tawi kama gunzi dogo lililochongoka juu. Kila ua lilikuwa na mdomo mfupi wa juu. Mdomo wa chini ulikuwa mkubwa, umekunjika kama mtumbwi. Ndani ya mtumbwi huo kulikuwa na vijiti 4 vyembamba vyenye unga wa kiume wa ua. Nyuki alikuja akatua palepale mbele yangu. Aliporuka alikuwa na unga mwilini.

Nne, kikombe. Kila ua hukaa ndani ya kikombe kidogo cha kijani. Kikombe cha mmea huu kina miiba 5 midogo migumu. Nilipolibana gunzi lile, miiba ilinichoma vidole. Maua huanguka, lakini kikombe hubaki na miiba yake.

Tano, mbegu. Nilichuma kikombe kimoja kilichokauka nikakipasua kwa ukucha. Chini kabisa mlikuwa na vijimbegu 4 vigumu. Nikapasua kingine. Vinne tena. Kiduha si hivyo. Ukipasua kifuko cha kiduha kilichokomaa, hutoka mbegu nyingi kama vumbi, huwezi kuzihesabu.

Sita, mizizi. Tulichimba mche mmoja taratibu kwa jembe, tukauosha kijitoni. Ulikuwa na mizizi yake wenyewe, mingi na yenye afya. Haukushikamana na mizizi ya mmea mwingine wowote.

Nikamgeukia Bibi. "Nilikosea," nikamwambia.

"Naona," akajibu. Hakuongeza neno.

JAMAA ZA MNANAA

Mmea ule ni wa jamii ya mnanaa. Msomaji, wewe unazijua jamaa za mnanaa hata kama hujasoma habari zao. Mnanaa wa chai ni mmoja. Mrehani ni wa pili. Kivumbasi kinachofukuza mbu ni wa tatu. Na numbu pia ni wa jamii hiyo.

Alama za jamii hii ni hizi:

Shina mara nyingi lina pembe nne. Usilitazame tu. Lizungushe kati ya vidole viwili.

Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na kila jozi hukata jozi ya chini yake kama msalaba.

Majani ya mimea mingi ya jamii hii hunukia yakisuguliwa, ingawa si yote.

Ua mara nyingi lina midomo miwili.

Ndani ya kikombe kilichokauka huwamo vijimbegu 4. Mara nyingine kimoja au viwili havikui.

Sasa sikiliza vizuri. Alama moja haitoshi. Alama mbili hazitoshi. Kiduha nacho kina shina la pembe nne, majani yanayotazamana na ua la midomo miwili. Alama hizo tatu ndizo zilizonidanganya. Tena iko lantana, mmea uliotoka Amerika na kuenea katika nchi yetu. Shina lake lina pembe nne. Majani yake hutazamana na kunukia. Lakini lantana si ya jamii ya mnanaa, nayo ni sumu kwa mifugo. Mara nyingi kichwa kimoja cha maua yake huwa na rangi mbili au tatu, na matunda yake ni madogo, mabichi kijani, yakiiva huwa meusi.

Kwa hiyo tazama alama zote pamoja. Na usile mmea wala kuufanya dawa kwa sababu tu jamaa yake mmoja analiwa. Ndugu wa baba mmoja hawana tabia moja.

JINA LAKE

Sikutaka kukosea mara ya pili. Nilikata tawi lenye majani, maua na vikombe vilivyokauka. Nikalilaza kati ya magazeti ya zamani, juu yake nikaweka ubao na mawe. Kila siku nilibadilisha magazeti mpaka tawi likakauka. Kisha nikaandika kwenye karatasi mahali nilipolichuma, tarehe, kimo cha mmea, rangi ya ua bichi, na kwamba ulisimama penye maji. Rangi ni lazima iandikwe mapema, maana ua likikauka hubadilika. Kubadilika huko kulinidanganya mimi.

Nilimpelekea mtaalamu wa mimea. Nchi yetu ina hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, mjini Arusha. Kazi ya kutambua mimea hufanywa hivyo, kwa kulinganisha tawi na tawi.

Jibu lilirudi. Wataalamu huuita mmea huo *Coleus livingstonei*. Zamani waliuita *Pycnostachys urticifolia*. Hauliwi na kiduha wala hauli mahindi. Ni mmea wa asili wa nchi zetu, kuanzia Tanzania hadi kusini mwa Afrika. Hupenda kingo za vijito na mahali penye majimaji. Neno la pili la jina lake ni ukumbusho wa David Livingstone, msafiri wa Uskoti aliyepita katika nchi hizi karne ya 19.

Jina hilo jipya lilitolewa mwaka 2019. Wataalamu walichunguza undugu wa mimea hii, wakaona inastahili kuwekwa katika kundi moja la *Coleus*. Na numbu iko katika kundi hilohilo. Jina lake ni *Coleus esculentus*.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Nilipanda pikipiki nikamsomea Bibi ile barua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni ndugu wa numbu," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi. Nilikuambia."

MBELE YA MKUTANO

Mwenyekiti aliitisha mkutano wa kijiji. Nilisimama nikasema, "Ndugu wananchi, mlichoking'oa si kiduha. Nilikosea. Nilitazama kijiti kilichonyauka, wala sikuja kuona mmea unaposimama." Nilidhani watu watanizomea. Mzee mmoja akasema, "Umesema kweli. Sasa tufanye kazi." Wote wakakubali.

Tulikata vipande vya shina kutoka kile kichaka kilichobaki. Shina la mmea huu hushika mizizi likipandwa penye unyevu, kama la numbu. Tulivipanda kuzunguka chemchemi pamoja na matete. Vijana walijenga uzio wa miti kuzuia ng'ombe. Wenye mifugo walichimba mahali pa kunyweshea upande wa chini, mbali na jicho la maji.

Tulizungumza pia juu ya vinyungu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Mkutano uliamua kuitumia mita 60 hiyohiyo kwenye chemchemi. Watu 3 walikuwa na vinyungu ndani ya mpaka huo. Haikuwa rahisi kwao. Walipewa sehemu nyingine bondeni, nao wakahama baada ya kuvuna.

Mwaka wa kwanza maji hayakutakata. Nusu ya vipande tulivyopanda vilikufa kiangazi, tukapanda tena. Mwaka wa pili, mvua zilipokwisha, maji yalianza kuwa safi, na akina mama wakarudi na ndoo zao. Lakini upande mmoja wa ukingo ulikuwa umekwisha kuporomoka. Upande huo haujarudi ulivyokuwa. Kila nikipita hushuka kwenye pikipiki nikautazama.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, kila mmea una jina na kazi yake. Ukiona mmea usioujua, usikimbilie panga. Nenda mahali unaposimama. Shika shina lake. Tazama majani yanavyokaa. Yasugue uyanuse, ila usiyaonje. Tazama ua likiwa bichi. Pasua kikombe uhesabu mbegu. Chimba mche mmoja uone mizizi. Waulize wazee wanaoteka maji hapo tangu zamani. Kisha mwite bwana shamba.

Na bwana shamba akija, mwambie ashuke kwenye pikipiki. Akitoa jibu bila kushuka, mwulize kama Bibi alivyoniuliza mimi: "Mahindi yako wapi hapa?" Asikasirike. Mimi niliulizwa, nami nikafaidika. Kuuliza si ujinga.